Kurasa za Nyuma: Safari ya Embu na Meru

Magari ya Embu na Meru huondokea Tea Room, katikati ya Nairobi, na mgeni hushikwa mkono na makanga hata kabla hajasema anakokwenda. Nilitaka Embu. Nilipewa kiti cha dirishani, nikakaa na begi langu mapajani. Mgongo wa kiti cha mbele yangu ulikuwa umechorwa kwa kalamu na watu wengi kwa nyakati mbalimbali: nyota za pembe tano, moyo uliochomwa mshale, ngazi ndefu iliyopanda hadi kwenye mshono wa kitambaa, na pembeni uso wa mwanamke aliyesukwa nywele, kila msuko umechorwa peke yake. Aliyechora uso ule alikuwa na muda. Huenda foleni ya Thika Road ilimkalisha, huenda alikuwa akipigana na usingizi asije akapitishwa kituo chake. Niliutazama mpaka gari likajaa.

Sikuwa nimewahi kufika huko. Mimi ni mtu wa Mombasa, na bara ninayoijua ni Nairobi na njia ya kuendea Nairobi. Kilichonipandisha gari ni ujumbe wa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafundisha shule ya msingi upande wa Kyeni, kaunti ya Embu. Shuleni kwao alipita mshauri mmoja kuzungumza na walimu juu ya tabia za watoto. Aliomba madaftari, akayafungua kurasa za nyuma, pale watoto wanapochorachora somo likiwachosha, akaanza kusoma tabia zao. Anayechora maua ana moyo laini. Anayechora mishale anataka makuu. Macho ni shaka, ngazi ni kiu ya cheo, visanduku ni mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Msichana mmoja wa gredi ya tano alikuwa amejaza visanduku ukurasa baada ya ukurasa, vyote vimetiwa nukta ndani, na mshauri akasema mtoto huyo ana hofu kubwa, aangaliwe. "Njoo uone mwenyewe," rafiki yangu aliniandikia. "Mimi namfundisha mtoto huyu na simwoni hivyo. Lakini nitamjibu nini mtu mwenye cheti?"

Ukishapita Thika, mashamba ya mananasi yanakusindikiza kwa muda, kisha barabara inaanza kupanda na kushuka. Makutano tulikunja kulia, na haikuchukua muda nchi ikawa tambarare: Mwea. Sikutarajia kuona maji mengi hivyo mbali na bahari. Majaruba ya mpunga yamegawanywa kwa matuta membamba, yangeyange wamesimama ndani, na kando ya lami wanawake wanauza pishori kwa gunia na kwa kilo. Mradi huu wa umwagiliaji ulianza miaka ya 1950, na mifereji ya mwanzo ilichimbwa kwa nguvu za mahabusu wa vita vya Mau Mau. Mzee aliyekaa karibu nami alinieleza hayo bila kuulizwa, akiwa ameelekeza kidole dirishani, na alipomaliza akarudi kusinzia. Tulipovuka mto Rupingazi, makanga akapiga bati kuashiria tumefika Embu.

Rafiki yangu alinipokea stendi, tukapanda gari jingine la kwenda Runyenjes, na kutoka hapo bodaboda. Udongo ni mwekundu, wa kushika viatu. Upande wa juu ni chai, kwenye miteremko ni kahawa, migomba na makadamia; ukishuka chini kabisa kuelekea Mbeere hewa inakauka na watu wanalima muguka. Mlima Kenya wenyewe haukuonekana. "Utauona asubuhi," aliniambia, "kabla mawingu hayajaamka."

Kesho yake tulikaa katika ofisi ya walimu na rundo la madaftari. Nataka kukaa kidogo hapa, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijia. Ukurasa wa mbele wa daftari la mtoto ni wa mwalimu: tarehe, kichwa cha habari, pigia mstari, alama ya vema kwa wino mwekundu. Ukurasa wa nyuma ni wake mtoto. Nilimwona mvulana aliyechora trekta upande mmoja tu, mara nyingi, kila mara gurudumu la nyuma likizidi kuwa bora. Niliona jina la msichana lililoandikwa kwa herufi za kivuli, zile zinazoonekana kama zimesimama juu ya karatasi. Niliona saini za kujifunzia, za mtoto anayejiandaa kuwa mtu mzima. Niliona ng'ombe mwenye miguu mitano, kisha mguu mmoja umefutwa kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka. Na niliona visanduku vya yule msichana. Vilikuwa virefu, vimepangwa safu kwa safu, na nukta za ndani zilikuwa ndogo, zimekaribiana, zimewekwa kwa subira. Vingine vilikuwa vimepigwa mistari juu, kana kwamba vimefunikwa.

Tamaa ya kumsoma mtu kwa alama za mkono wake ni ya zamani. Ufaransa, katika miaka ya 1870, padri Jean-Hippolyte Michon ndiye aliyeipa jina na kanuni elimu ya kusoma tabia katika mwandiko, grafolojia. Mwaka 1949 Karen Machover, mwanasaikolojia wa Marekani, akatoa kitabu cha kusoma nafsi ya mtu kwa kumwambia achore binadamu: macho makubwa yana maana yake, mabega mapana yana maana yake, mikono iliyofichwa nayo ina maana yake. Hospitali na shule zikaipokea njia hiyo. Ikavutia kwa sababu ni rahisi. Karatasi na penseli vinatosha.

Halafu mwaka 1967 mume na mke, Loren na Jean Chapman, wakafanya jambo ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Waliwapa wanafunzi wa chuo michoro ya watu, na chini ya kila mchoro wakaandika tatizo la aliyeuchora. Matatizo hayo waliyapanga wao wenyewe kwa namna ambayo hayakuwa na uhusiano wowote na michoro. Hata hivyo wanafunzi waliapa kwamba wameona uhusiano: watu wenye shaka na wenzao, walisema, huchora macho ya ajabu. Walikuwa wameona kile walichokuja nacho kichwani. Na walichokiona kilifanana na kile walichokuwa wakikiona wataalamu wenye uzoefu wa miaka katika wagonjwa wao.

Nilimsimulia rafiki yangu pia kisa cha Davos. Januari 2005 wakubwa wa dunia walikutana katika mji huo wa Uswisi kuzungumzia uchumi, na baada ya kikao karatasi yenye michoro ya kupitisha wakati ikaokotwa mezani. Ikadhaniwa ni ya Tony Blair, Waziri Mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Magazeti ya kwao yakawaita wasomaji wa mwandiko, nao wakaona katika pembetatu na visanduku vile mtu aliyeelemewa, asiyeweza kutuliza mawazo. Baadaye ikabainika karatasi ilikuwa ya Bill Gates. Michoro haikubadilika hata mstari mmoja. Kilichobadilika ni jina, na tafsiri yote ikaporomoka.

Rafiki yangu alisikiliza akiwa ameshika lile daftari la visanduku. "Basi michoro hii haina maana?" aliuliza. Sikutaka kumjibu haraka, kwa sababu mimi mwenyewe sikuamini kwamba haina maana. Mkono haupigi nukta mia kwa bahati tu. Nilimwambia tumuulize mwenyewe.

Kabla ya hapo niliingia darasani kwake nikakaa nyuma. Somo lilikuwa la saa za mchana, jua linachoma mabati, na watoto zaidi ya nusu walikuwa na kalamu zinazotembea mahali ambapo hazikuagizwa. Zamani, na pengine hadi leo katika shule nyingi, hilo ni kosa la kuitwa mbele. Mwaka 2009 mtafiti wa Uingereza, Jackie Andrade wa Plymouth, aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu uliokuwa wa kuchosha makusudi, juu ya nani atakuja kwenye sherehe na nani hatakuja. Nusu yao aliwapa karatasi wajaze rangi ya penseli ndani ya maumbo huku wakisikiliza. Mwishoni aliwashtukiza kwa mtihani wa kumbukumbu, na waliokuwa na penseli wakakumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao. Maelezo aliyopendekeza ni kwamba mkono ukipewa kazi ndogo, akili haipati nafasi ya kutoroka kwenda kuota ndoto za mchana. Nilipowatazama watoto wale nilielewa. Mvulana wa trekta alikuwa akipinda gurudumu lake, na mwalimu alipouliza swali, mkono wake mwingine ndio uliokuwa wa kwanza kupanda.

Jioni tulikwenda kwa mama yake rafiki yangu, ambaye watoto wote wa hapo humwita shosho. Alitupikia githeri na kututengea chai ya maziwa, na nilipomweleza kilichonileta alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka. "Hii Kyeni ilipimwa sana," alisema. "Watu walikuja kupima hata chakula kabla hakijaingia mdomoni."

Alikuwa anasema kweli. Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa California walianza kazi kubwa hapa Kyeni Kusini, kuchunguza jinsi lishe hafifu inavyogusa mwili na akili ya mtoto. Mwaka huohuo ukame ukaipiga Kenya, na serikali ikaagiza mahindi ya manjano kutoka nje. Watu wa rika la shosho hawajasahau ladha yake. Watoto walipimwa uzito na urefu, na pia walikalishwa mbele ya kitabu cha maumbo ya rangi kilichobuniwa na Mwingereza John Raven: ukurasa una pambo lenye pengo, na mtoto anachagua kipande cha kuziba pengo hilo. Hakihitaji kusoma wala kuandika. Wengi waliokitumia waliamini kinagusa akili yenyewe, chini ya shule na lugha.

Mwaka 1998 watafiti wakarudi Embu. Safari hii walichagua shule 12 na kuzigawa: katika baadhi, watoto wa darasa la kwanza wakapewa githeri yenye nyama ya kusaga, kwingine githeri na maziwa, kwingine githeri iliyoongezwa mafuta, na kundi la mwisho halikupewa chakula shuleni kwa wakati huo. Rafiki yangu alikuwa darasa la kwanza mwaka huo. "Githeri yenye nyama ya kusaga!" alisema, akampiga mama yake begani. "Nilikuwa naamka mapema kwa sababu yake." Waliokula nyama ndio walioongeza alama zaidi katika kitabu kile cha maumbo.

Lakini jambo lililonikalisha kimya pale jikoni ni jingine. Mwaka 2003 Tamara Daley na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa Embu wa 1984 na wale wa 1998, wa umri uleule, sehemu zilezile, kwa kitabu kilekile cha maumbo. Katika miaka 14 alama zilikuwa zimepanda sana. Watafiti walitafuta sababu, wakaona wazazi, hasa akina mama, walikuwa wamepata elimu zaidi. Familia zilikuwa na watoto wachache zaidi. Lishe na afya zilikuwa zimeboreka. Fikiria mtu angepita hapa 1984, katika njaa ile, akatazama alama za watoto hawa kwenye karatasi na kusema: hivi ndivyo walivyo. Angeandika ripoti na kuipiga muhuri. Naye angekuwa amesoma tumbo tupu na mama aliyenyimwa shule, akadhani anasoma nafsi.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu hukumu za karatasi hudumu. Mtoto akishaitwa mwoga, mwalimu anayefuata anamkuta mwoga. Bertram Forer, mwalimu wa saikolojia Marekani, aliwahi kuwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia ya kila mmoja, wakayasifu kuwa ya kweli kabisa, wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maneno yaleyale, mengi yakitoka kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa barabarani. Hiyo ilikuwa 1948. Mtu mzima anaweza kucheka na kwenda zake. Mtoto wa miaka 10 huyachukua maneno hayo akaishi nayo.

Siku iliyofuata, baada ya kengele ya mwisho, rafiki yangu alimwita msichana wa visanduku, akamketisha kando yake, akafungua daftari. Hakumuuliza kwa nini. Alimwambia, "Nieleze mchoro wako." Msichana akanitazama mimi mgeni, akamtazama mwalimu wake, kisha akaweka kidole kwenye safu ya kwanza. "Hivi ni vitanda vya fakitari," alisema.

Fakitari, kwa watu wa huku, ni kiwanda cha ushirika cha kahawa, na kilikuwa hatua chache chini ya shule, kando ya mto. Tukashuka naye. Kahawa iliyochumwa huletwa hapo ikiwa nyekundu, hupimwa, humenywa kwa mashine, hulazwa kwenye matangi ichachuke, huoshwa katika mifereji, halafu huanikwa juu ya meza ndefu za waya zilizoinuliwa kutoka ardhini. Meza ndizo vitanda. Zilipangwa kwenye mteremko safu kwa safu, vilevile kama kwenye daftari, na punje zimetandazwa juu yake, zimekaribiana. Wanawake walikuwa wakizigeuza kwa viganja na kuchagua mbovu moja moja. Baadhi ya vitanda vilifunikwa kwa turubai jua lisizipasue punje. Hivyo ndivyo visanduku vilivyopigwa mistari.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa mama yake. Msichana humngoja pale kila alasiri, hadi kazi iishe.

Ningeweza kusimamisha habari hapa na kusema mshauri alishindwa. Lakini tulipokuwa tunapanda kilima, rafiki yangu alimuuliza kama anapenda kungoja fakitari, na msichana akasema hapendi. Giza humkuta njiani, na kuna mbwa kwenye kona. Kwa hiyo hofu ilikuwepo, ndogo, yenye mahali pake na saa yake. Haikuwa kwenye visanduku. Visanduku vilikuwa kazi ya mama yake, aliyoitazama mpaka akaijua kuliko sisi wote, na niliona alivyojivunia kuieleza. Rafiki yangu alizungumza na mama kuhusu mbwa na njia. Madaftari aliyokuwa ameyakusanya aliyarudisha siku hiyohiyo, na akawaambia watoto ukurasa wa nyuma ni wao, ila atapenda kuelezwa mtu akipenda kueleza.

Nilitoka Runyenjes na gari la Meru. Njia hii ni ya mabonde: unashuka mpaka mtoni, unapanda mpaka masikio yanaziba. Mto Thuci unaigawa Embu na Tharaka-Nithi.  

Chuka gari lilisimama kupakia, na pale stendi watoto wawili wa kiume walikuwa wakiendesha magari ya waya. Yalikuwa na ekseli, usukani mrefu wa kushika ukiwa umesimama, taa za vizibo vya soda na hata mabehewa ya kubebea mizigo. Nilimkumbuka mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia. Mwaka 1979 alichapisha uchunguzi wa watoto wa Lusaka na wa Manchester: aliwataka waige maumbo kwa kalamu na karatasi, kwa udongo wa kufinyanga, na kwa waya. Kwenye karatasi Waingereza walishinda. Kwenye waya Wazambia walishinda. Kwenye udongo walitoshana. Angewapa karatasi peke yake, angeandika kwamba watoto wa Lusaka hawaoni maumbo vizuri. Niliwaza kuhusu watoto ambao ukurasa wao wa nyuma hauko kwenye daftari hata kidogo, uko mkononi, umekunjwa kwa koleo, unakimbia kwenye vumbi la stendi. Hakuna mshauri atakayewaomba waulete ofisini.

Kwenye daraja la Nithi abiria walinyamaza. Basi lilitumbukia hapo Julai 2022, wakafa zaidi ya watu 30, na halikuwa la kwanza. Tukapita Chogoria na hospitali yake ya misheni, Nkubu na ndizi zake, tukavuka ikweta, na Meru ikatupokea kwa baridi na mvua nyepesi.

Jumba la makumbusho la Meru ni nyumba ya mawe iliyojengwa 1916 kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na makumbusho yalifunguliwa humo 1974. Ndani ni padogo. Nilikuwa nimesimama mbele ya maelezo ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru, nikiandika, mzee mmoja aliyekuwa amemleta mjukuu wake akanisalimu, "Muga," nami nikaitikia kama nilivyofundishwa garini, "Muga." Alikuwa anautazama mkono wangu. Mimi huandika kwa mkono wa kushoto.

"Huo mkono," alisema, "zamani ungefichwa."

Nilidhani ananionya, kwa maana nimeyasikia mengi kuhusu mkono huu tangu utotoni, nilipokuwa nafungwa kitambaa niandike kwa wa kulia. Sivyo alivyokusudia. Kwa Waimenti, kundi mojawapo la Ameru, alinieleza, palikuwa na Mugwe, kiongozi wa kubariki watu. Nguvu yake ilikuwa katika mkono wa kushoto. Aliufunika kwa blanketi lake muda wote, mtu asiuone, maana kuuona ilikuwa hatari ya kifo, na aliutoa kwa ajili ya kubariki tu. Padri wa Kitaliano, Bernardo Bernardi, aliandika kitabu juu ya Mugwe mwaka 1959, na mwaka uliofuata Rodney Needham wa Oxford akaandika makala nzima kuhusu mkono huo peke yake. Mkono uleule ambao kwetu pwani haupokei chakula wala hautoi salamu, hapa ulibeba baraka za watu wote. Nilisimama pale na kalamu yangu nisijue la kusema. Miaka yote wasomaji wa mwandiko wamekuwa wakisoma mlalo wa herufi, hizi za kulia ni za mtu mkunjufu, hizi za kushoto ni za mtu msiri, na sisi wa mkono wa kushoto tunalaza herufi jinsi kiwiko kinavyoturuhusu.

Tukakaa nje kwenye benchi, mvua imekatika. Nilimweleza habari za madaftari ya Kyeni. Alisema yeye alipokuwa mdogo, akichunga mbuzi, alichora kwa kijiti mchangani na mbuzi wakapita juu. "Sasa wewe chora," akaniambia. "Usifikiri."

Mkono ulichora jahazi. Sikulichagua, huwa nalichora kwenye kila karatasi ya mkutano, tanga na mlingoti na mistari mitatu ya maji. Mzee hakuniambia kwamba mimi ni mtu wa kutangatanga wala mwenye kiu ya uhuru. Alisema, "Unatoka baharini."

Nikamwambia kwamba kwetu Mombasa, ndani ya Fort Jesus, ipo michoro waliyoiacha askari wa Kireno ukutani: merikebu nyingi, watu, samaki, na hata kinyonga. Waliingoja meli mpaka wakaichora. Na kinyonga yule lazima mtu alimwona kwa macho yake, akatembea polepole mbele ya lindo lake, alasiri moja ya joto. Ukitaka kujua walikuwa watu wa tabia gani, ukuta hautakwambia. Utakwambia walikuwa wapi na walikuwa wakingoja nini.

Mzee akaichukua kalamu. Alitaka kujua habari za Mbwaa, kisiwa ambacho masimulizi ya Ameru yanasema ndiko walikotoka, walikotawaliwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, mpaka Koomenjoe akawaongoza kuvuka maji. Wanahistoria wengine wamekihusisha na Manda, karibu na Lamu. Je, nimefika? Nimefika. Je, maji ya huko yanaweza kuvukwa kwa miguu? Nikageuza ukurasa nikamchorea Lamu, Manda na bara, na kati ya Manda na bara mkondo wa Mkanda, ambao maji yakipwa unabaki matope na mikoko, mashua hazipiti. Akauangalia sana. Kisha akachora mistari mitatu kukatiza mkondo ule, mmoja mmoja: Njiru waliovuka usiku, Ntune waliovuka alfajiri, Njeru waliovuka mchana. Ukoo wake ulivuka usiku.

"Sasa niambie," alisema, na mjukuu wake akasogea kuona, "maji yakipwa usiku wa manane, yanarudi saa ngapi? Maana hawa wa mchana walivuka vipi?"

Nikamwambia kupwa na kujaa kunachukua kama saa sita na robo kila kimoja, kwa hiyo maji yaliyopwa usiku wa manane hupwa tena baada ya saa sita za mchana. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akasema basi wa alfajiri wangekuta maji yamejaa, na huo mstari wa katikati nimeuweka mahali pasipofaa. Nikamwambia mstari ni wake. Akanirudishia kalamu nichore upya mahali mkondo unapokuwa mwembamba.